Jani la Fiwi Mdomoni mwa Shemasi

Asubuhi baridi ilipoua maua ya mialoni, Wynelle Sartain alicheka peke yake barazani mpaka mbwa akaamka.

Ilikuwa tarehe kumi na moja ya Aprili, wakati ambao watu wa kusini mwa Alabama wameshakunja mablanketi mazito na kuyapandisha juu ya kabati. Majirani waliamka wakililia miche yao ya nyanya. Wynelle hakutazama nyanya. Alivaa koti la marehemu mumewe, akatembea mpaka kwenye waya wa mpaka, akainua uso kuitazama mialoni myeupe ya Dewitt Fulmer iliyojaza bonde zima upande wa pili. Mashada ya maua, ambayo jana yake yalining'inia yakiwa na rangi ya siagi, yalikuwa yamekauka na kuwa kahawia kama makapi ya chai. Akachuma shada moja kwenye tawi lililopinda kuja upande wake, akalisugua viganjani. Likawa vumbi.

"Haya, Dewitt," alisema. "Mwaka huu miti yako haitakuombea."

Mwaloni mweupe usiotoa maua Aprili hauangushi njugu zake, yale matunda magumu wanayonenepea kulungu, ifikapo Novemba. Na pasipo njugu chini ya miti, kulungu hana sababu ya kushuka katika bonde la Dewitt msimu wa bunduki unapofunguliwa. Wynelle alikuwa ameingoja baridi ya namna hiyo kwa miaka miwili.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na sita alipika katika jiko la shule, na watoto aliowalisha sasa walikuwa madereva wa malori, wauguzi na polisi, wote wakimwita Bi Wynelle na kunyoosha migongo anapopita. Hakuwa mtu wa maneno. Wa maneno alikuwa mumewe, Hoyt, na maneno yake mengi yalihusu kulungu. Wanaume wengine walipanda ngano na shayiri wakati wa vuli, ili wapate mahali pa kuwapigia wanyama risasi. Hoyt alipanda wakati wa joto. Alipanda kunde, soya, mtama, na fiwi alizoagiza kwa posta kutoka Texas, kwa sababu jike anayenyonyesha mwezi wa Julai na dume anayeotesha pembe mwezi wa Julai wote wana njaa mwezi wa Julai. Kunde zilipandwa na wengi. Fiwi alipanda yeye peke yake, na hakuna shamba lingine katika kaunti ile lililokuwa nazo. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake aliandika hivi: "Shamba la kiangazi ni la kulisha. Anayetaka kuua na apande kingine."

Katika wanyama wote aliowalisha, alimpenda mmoja. Alimwita Shemasi, kwa kuwa alitembea taratibu na kwa heshima kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Alimtazama kwa darubini miaka sita. Mara tatu alikuwa naye ndani ya shabaha, na mara tatu akaishusha bunduki.

"Bado hajamaliza kuwa alivyo," alimwambia mkewe.

Mwaka wa sita pembe za Shemasi zilikuwa pana kama kiti cha kubembea, na mapafu ya Hoyt yalikuwa yamekwisha. Daktari hakumficha. Hoyt akasema anataka jambo moja tu kabla ya kuondoka: akae juu ya dungu lake, kwenye ukingo wa fiwi, amngoje Shemasi mara ya mwisho. Kama angempiga au angemwacha, Wynelle hakujua, na huenda Hoyt mwenyewe hakujua.

Lakini wiki ile msimu ulipofunguliwa, Hoyt alikuwa hospitali. Ijumaa, Dewitt Fulmer alikuja kumjulia hali. Walikuwa majirani miaka thelathini, wakiabudu katika kanisa moja. Dewitt alikuwa na nyumba ya wawindaji ambamo aliwapokea wanaume wenye fedha kutoka Birmingham, na ardhi yake iligusana na ya Hoyt kwa urefu wa maili moja. Alikaa kando ya kitanda, akashika mkono wa mgonjwa, akaomba dua ndefu. Wynelle alikuwapo. Alimsikia mumewe akisema, kwa sauti ile iliyobaki, "Jumapili wananiruhusu, Dewitt. Jumatatu nitakwenda kumngoja Shemasi."

"Nenda, ndugu yangu," Dewitt alisema. "Mungu akipenda utamwona."

Jumatatu Wynelle alimpandisha mumewe kwenye dungu, ngazi moja baada ya nyingine, mtungi wa hewa akiubeba yeye mgongoni. Hoyt alikaa mpaka giza. Jumanne alikaa. Jumatano alikaa. Mwaka ule baridi ilichelewa, fiwi zilikuwa bado kijani, na majike wengi walikuja kula, ila Shemasi hakuja. Alhamisi walipita kwenye duka la mbegu, na Bi Ouida Tate, mwenye duka, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza, akasema, "Hoyt baba, nimesikitika kwa ajili yako. Lakini angalau amebaki mikononi mwa jirani."

Shemasi alikuwa amepigwa na Dewitt tangu Jumamosi. Siku tatu Hoyt alimngoja mnyama aliyekuwa akining'inia kwenye ndoano za mchunaji.

Alirudi nyumbani, akaitundika darubini kwenye msumari, na hakuishusha tena. Walimzika Januari. Dewitt alibeba jeneza, upande wa kulia, mbele.

Kichwa cha Shemasi kikapanda ukutani katika nyumba ya wawindaji, juu ya meko. Dewitt alikipiga picha akaiweka kwenye karatasi za matangazo yake. Kila mgeni alisimuliwa namna mzee huyu wa pembe alivyolelewa bondeni kwa Dewitt, akanenepa kwa njugu za Dewitt, akaangushwa chini ya mwaloni wa Dewitt. Wynelle alijua moyoni kuwa ni uongo. Lakini moyo si shahidi.

Shahidi alikuja mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Februari, amevua kofia. Alikuwa Arvel Mims, mtu mwembamba aliyechuna kulungu wa kaunti nzima katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Hakutaka kuketi. Alitoa mfukoni kikopo cha tumbaku, akakifungua. Ndani mlikuwa na jani kavu, pana, limekunjika, na alama za meno zikiwa wazi kama mhuri.

"Nilimtoa hili mdomoni," Arvel alisema. "Shemasi. Mdomoni, Bi Wynelle, si tumboni. Alikuwa hajalitafuna."

Wynelle alilijua jani lile kama anavyojua kucha zake.

"Kulungu hatembei mpaka bondeni kwa Dewitt na jani mdomoni," Arvel aliendelea, akiitazama sakafu. "Alianguka palepale alipokuwa akila. Na Dewitt aliliona. Alisimama juu yangu akaniambia, 'Litoe hilo, ulitupe.' Nami sikulitupa. Sijui kwa nini sikulitupa."

"Na kwa nini hukuniletea Hoyt akiwa hai?"

Arvel aliizungusha kofia mkononi. "Nusu ya wanyama ninaochuna ni wa wageni wa Dewitt, mama. Nina watoto wanne."

Wynelle hakumfokea. Alimpa mkate wa mahindi uliofungwa kwenye kitambaa, akamwambia, "Likae kwako hilo jani. Siku nikikuita, uje nalo." Na kuanzia siku hiyo alijua anachotaka. Hakutaka kichwa wala fidia. Alitaka Dewitt aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu anaowaheshimu, Shemasi aliangukia wapi na siku gani.

Wapo watakaosema mwanamke wa kanisa alipaswa kusamehe. Nami nasema, msamaha hupewa anayeuomba. Dewitt Fulmer hakuomba kitu. Kila Jumapili alimshika Wynelle mkono mlangoni mwa kanisa na kumuuliza kama paa la nyumba linavuja.

Basi siku tatu baada ya baridi ile ya Aprili, Wynelle alisimama mbele ya meza ya Bi Ouida na orodha aliyoinakili kutoka daftari la Hoyt. Kunde magunia mawili. Soya magunia sita. Mtama. Fiwi, zije kwa posta. Betri mbili, waya wa umeme wa kuzungusha ekari kumi na moja.

"Ekari kumi na moja!" Bi Ouida alishika kiuno. "Mwanamke we, unalisha kulungu au unalisha jeshi la Farao?"

"Nalisha kulungu."

Dewitt alikuwa pale, ameegemea magunia ya chumvi ya ng'ombe, mtu mkubwa mwenye uso mwekundu na shati lililopigwa pasi. Alicheka kwa upole, kama mtu anayecheka mbele ya mtoto.

"Bi Wynelle, Hoyt angekwambia mwenyewe. Hizo kunde zako ni saladi. Novemba mnyama anataka njugu. Utawanenepesha majira yote ya joto, kisha watavuka waya waje kufia kwangu." Akamkonyeza Bi Ouida. "Mimi nashukuru lakini. Sijawahi kupata mpishi wa bure."

"Karibu," Wynelle alisema. "Nimezoea kupikia watoto wasio na adabu."

Bi Ouida alicheka mpaka akashika meza. Dewitt naye alicheka, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yake: hakuna aliyemwona akikasirika. Lakini Wynelle aliona kitu kingine. Mtu huyu hajainua uso kutazama miti yake. Miaka arobaini mialoni ile ilikuwa imemlisha bila kuombwa, naye aliizoea kama mtu anavyozoea mke mwema, haulizi tena amekula nini.

Ardhi alikuwa ameshaitengeneza. Vuli mbili mfululizo alikuwa ameitia chokaa, kwa sababu daftari lilisema fiwi hazipendi udongo mchachu. Wiki ya kwanza ya Mei, udongo ulipopata joto la kutosha kuukanyaga bila viatu, alifunga haro ya kulainisha udongo kwenye trekta ya Hoyt, akalima. Mbegu alizimwaga kwenye karai, akazinyunyizia soda ili zinate, kisha akazichanganya na ule unga mweusi unaosaidia mizizi ya jamii ya maharage, akikoroga kwa mikono kama alivyokoroga unga wa biskuti za watoto mia tatu. Mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alipanda shamba la kwanza, ekari nne, kunde tupu. Shamba la pili, ekari saba, soya na fiwi, na mtama wa kuzipa fiwi mahali pa kutambalia. Mashamba yote mawili aliyaweka katikati ya ardhi yake, mbali na mpaka, mahali ambapo bunduki ya jirani haina shabaha.

Kisha akazungusha waya. Hapa ndipo wengi hukosea. Kunde changa ikiota jani la tatu, kulungu huja akaikata kichwa, na shamba la mtu la mwaka mzima huwa vijiti kwa siku kumi. Waya peke yake haumzuii, kwa kuwa huruka. Hoyt alikuwa na dawa yake. Wynelle alikata vipande vya karatasi ya bati ya jikoni, akavipaka siagi ya karanga, akavining'iniza kwenye waya wenye umeme, kimoja kila hatua tano. Kulungu husikia harufu, hunyoosha shingo, huramba. Umeme humpiga kwenye ulimi. Haji tena mpaka waya uondoke, na huwafundisha wanawe.

Alipokuwa akipaka siagi ile alimfikiria Dewitt akiramba, na hakujionea aibu.

Katikati ya Julai kunde zilikuwa zimefika magotini na zimefungana kama mkeka. Wynelle aliuondoa waya wa shamba la kwanza tu. Jioni ya kwanza waliingia majike watano. Baada ya wiki mbili walikuwa ishirini na watatu, majike na wana wao wenye madoa, na madume saba wenye pembe za ngozi laini wakila bega kwa bega kama mashemeji msibani. Kunde hizo zilivumilia, kwa kuwa zilikuwa zimekomaa. Kila kilipotafunwa kikonyo kimoja, vilichipua vitatu. Barabara ya kaunti ilipita kilimani juu ya shamba, na watu walianza kusimamisha magari yao jioni kutazama.

Ng'ambo ya mpaka nyayo zilikuwa za kuhesabu. Dewitt alishituka, akapanda kunde zake, ekari mbili, mwishoni mwa Julai, bila waya. Wanyama wachache waliobaki kwake walizila zote kabla hazijafika kwenye kifundo cha mguu. Duka la mbegu lilijaa habari.

"Dewitt," Bi Ouida alimuuliza mbele ya wateja, "shamba lako limenyolewa na kinyozi gani? Nataka nimpeleke mume wangu."

Mwezi wa Agosti, Dewitt alikuja barazani kwa Wynelle, kofia mkononi. Wynelle alimtilia chai baridi yenye sukari, kwa sababu adui akiwa barazani ni mgeni. Alikunywa nusu glasi kabla ya kusema.

"Bi Wynelle, nitakwenda moja kwa moja. Nina wageni sita siku ya ufunguzi. Wamelipia. Jana nilitazama mialoni."

"Ehe."

"Haina kitu. Hata njugu moja."

"Aprili haikuwa na kitu vilevile. Ulikuwa hujainua uso."

Dewitt alizungusha glasi. "Nikodishie shamba lako kwa msimu mmoja. Taja bei yoyote."

"Nitakupa bure."

Uso wake ulichanua. "Bure?"

"Bure. Simama Jumapili kanisani useme Shemasi alianguka wapi."

Dewitt alitikisa barafu ndani ya glasi. Kisha akasema polepole, kwa sauti ileile ya dua ya hospitali, "Alianguka bondeni, mama. Chini ya mwaloni. Huzuni inakuchezea akili, na mimi sikulaumu."

Wynelle aliichukua glasi kutoka mkononi mwake, chai ikiwa bado imo.

"Basi kaa na mialoni yako," alisema.

Shamba la pili hakulifungua. Watu walimwonya kuwa fiwi zitakufa kwa baridi bila kuliwa, na kweli zilikufa, wiki ya pili ya Novemba, zikageuka nyeusi kwa asubuhi moja. Lakini chini yake soya ekari saba zilikuwa zimesimama kavu, maganda yamejaa, na mtama umeinamisha vichwa. Kunde za shamba la kwanza nazo zilikufa siku hiyohiyo. Kwa siku nne kulungu walizunguka nje ya waya wa shamba la pili, wakinusa, wakiogopa siagi. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya msimu wa bunduki, Wynelle aliizima betri, akauviringisha waya wote, akaupakia kwenye pikapu.

Kisha akaenda jikoni, akaloweka kunde za kupika.

Mila ya pale ni hii. Siku ya ufunguzi, wawindaji wakishuka kutoka maporini saa sita mchana, hula pamoja kwenye nyumba ya wawindaji, na majirani huleta vyakula. Baada ya kula, kila aliyemlenga kulungu akamkosa hukatwa mkia wa shati, na kipande hicho hupigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Mahakimu na polisi wamekatwa mashati humo. Mkasi huning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na chini yake kuna ubao ambao Dewitt aliuandika kwa mkono wake: RISASI ISIVUKE MPAKA. ATAKAYEIVUSHA AONDOKE NA ASIRUDI. Wynelle na Hoyt walikuwa wakipeleka sufuria ya kunde kila mwaka. Kwa hiyo mjane alipotokea mlangoni na sufuria ya kunde zilizopikwa na nyama ya moshi, hakuna aliyeshangaa, isipokuwa Dewitt.

Wageni sita walikuwa wameketi kama watu waliofiwa. Tangu alfajiri hapakusikika risasi hata moja bondeni. Arvel Mims alikuwapo, ameitwa kuchuna, visu vyake vikiwa bado kwenye ala. Mkubwa wa wageni, daktari wa meno aitwaye Prentiss Lyle, mzee wa miaka sabini na mbili aliyewinda pale tangu nyumba inajengwa, alikuwa akiitazama sahani yake.

"Nimekaa asubuhi nzima," alisema, "nimeona kindi mmoja. Naye alikuwa anahama."

"Wako kwa mama huyu," mgeni mwingine alisema, akimwonyesha Wynelle kwa uma. "Nimepita barabarani. Nimehesabu arobaini, halafu nikaacha. Mama, umewapa nini?"

"Chakula," Wynelle alisema, akipakua. "Mume wangu aliwapa miaka kumi na tisa. Hata yule pale alikula kwetu." Akaelekeza kijiko juu ya meko, kwa Shemasi. "Alikufa na chakula chetu mdomoni."

Mzee Prentiss aliweka uma chini. "Dewitt alituambia alilelewa hapa kwa njugu."

"Ni maneno ya mjane, Daktari," Dewitt alisema upesi. "Jamani, kuleni, mkate unapoa."

"Arvel," Wynelle aliita.

Arvel alisimama. Alipita nyuma ya viti vya wageni. Alikiweka kikopo cha tumbaku mezani kati ya sukuma wiki na kambare wa kukaanga, akakifungua.

"Usithubutu, Arvel," Dewitt alisema. "Fikiri nani anakulisha."

"Mwaka huu hakuna anayenilisha, bwana," Arvel alijibu. "Bandani kwangu hamna hata sungura. Basi leo naweza kusema kweli bila hasara. Wazee, hili ni jani la fiwi. Hapa hakuna mwingine aliyepanda fiwi ila Hoyt Sartain. Nimelitoa kwenye meno ya mnyama huyo kwa vidole hivi. Yeye akaniambia nilitupe."

Mzee Prentiss alivaa miwani. Alilitazama jani, akaitazama midomo ya Shemasi, akalitazama jani tena. Maisha yake yote alikuwa akitazama alama za meno. Kisha akageuka kwa mwenyeji wake.

"Dewitt, nitazame mimi, si sakafu. Alianguka wapi?"

Dewitt alitafuta uso wa kumtetea, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wawindaji. Kila mmoja alikuwa ameacha, angalau mara moja maishani, mnyama mzuri aliyesimama hatua kumi ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyemsaidia.

"Kwenye fiwi," alisema.

"Wa nyuma hawajasikia," Wynelle alisema.

"Kwenye fiwi! Yadi arobaini ndani ya mpaka wa Hoyt. Nilimburuta."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Na Hoyt alikuambia atakwenda kumngoja siku gani?"

Uso mwekundu ulikuwa umekuwa wa majivu. "Usinifanyie hivi, Wynelle."

"Siku gani, Dewitt? Ulikuwa umemshika mkono."

"Jumatatu," Dewitt alisema. "Aliniambia Jumatatu."

Mzee Prentiss aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akausoma ubao kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu. Kisha akasema, "Nyumba ni yako, hatuwezi kukutoa. Tutatoka sisi." Akautungua mkasi kwenye msumari, akampa Wynelle, mpini mbele.

Dewitt Fulmer alikuwa anajisifu kwamba kwa miaka thelathini shati lake halijawahi kuguswa. Wynelle alilichomoa kwenye suruali kwa nyuma, kama alivyokuwa akiwavuta watoto waliochafua mashati shuleni, akakata. Hakukata kipande kidogo cha mzaha. Alikata kutoka mshono mpaka mshono, taratibu, na mkasi ulisikika.

"Kichwa chukua," Dewitt alisema bila kugeuka. "Kichukue uende nacho."

"Kibaki," Wynelle alisema. Alipanda juu ya kiti, akakipigilia kile kitambaa chini ya shingo ya Shemasi. "Atakayeingia humu atakuuliza ni shati la nani na kwa nini liko hapo. Utamwambia. Siku nikisikia umemwambia vingine, nitamtuma Arvel na kikopo chake."

Aliibeba sufuria yake, akatoka. Nyuma yake alisikia wageni wakifunga mifuko yao ya bunduki.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimamisha pikapu kwenye ukingo wa shamba la pili, chini ya dungu la Hoyt alilokuwa amelihamishia pale. Ilikuwa bado mchana, na wanyama walikuwamo humo, wakipasua maganda ya soya kwa meno, sauti kama ya watu wengi wakitembea juu ya kokoto. Alitoa daftari chini ya kiti. Chini ya mstari wa mwisho wa Hoyt aliandika tarehe, na maneno mawili: "Dewitt amesema."

Alidhani atalia. Badala yake alisikia njaa, njaa kali aliyokuwa hajaisikia tangu Januari ile ya mazishi. Chini ya sufuria zilikuwa zimebaki kunde kidogo, zimeganda kwenye mafuta. Alizikwangua kwa kijiko cha kupakulia, akala akiwa amesimama, akimaliza mpaka chuma kikang'aa, na kulungu wakaendelea kula mbele yake bila kushtuka.